Tupeane uzoefu: kadaraja ka mawe ka waliofungua mashamba, kwenu bado kapo?

#1
Wakuu habari za leo. Kuna kadaraja kwenye mashamba ya babu, tao moja tu la mawe, wale wa mwanzo kabisa waliofyeka pori wakaanza kulima ndo walikajenga ili mikokoteni ya nafaka ivuke bila kusubiri maji yapungue. Ukipita haraka utasema hamna kitu hapa, ila ukiinama pale ukingoni unakuta jiwe limeliwa na vyuma vya magurudumu mpaka limeweka mfereji wa kina cha kidole, mi nimekua nasukuma gololi humo. Sasa ukoo unataka kubomoa waweke kalavati. Kabla sijagombana na watu naomba wenye uzoefu mnipe stori zenu.

#2
Pole mkuu. Letu halikubomolewa, lilikarabatiwa, na hapo ndo tukaliharibu. Baba mdogo alileta fundi akaziba mianya yote kwa simenti, likapendeza kweli, tukapiga na picha. Misimu mitatu ya mvua baadaye mawe yakaanza kubanduka ngozi, unagusa unabaki na unga mkononi. Mzee mmoja mwashi ndo akatufungua macho, kwamba wazee walijengea chokaa, na chokaa ni laini kuliko jiwe halafu inapumua, maji yakiingia yanatokea hapohapo kwenye kiungo, sasa simenti ngumu inayafungia humo ndani yanaanza kutafuta njia kupitia jiwe lenyewe. Tumeigongoa ile simenti kwa patasi karibu mwaka mzima, kila jumamosi, na mawe mengine yakang'oka nayo. Usikubali mtu alisogelee na simenti aisee.

#3
Sisi tuliweka kalavati. Bomba lilikuwa dogo, mafuriko ya kwanza tu magogo yakaziba mdomo, maji yakapita juu yakaondoka na njia yote. Lile tao la zamani magogo yalikuwa yanapita chini yake yanaenda zake.

#4
#3 umesema kweli, ila tao nalo linaondoka, msidanganyane. Letu tulihangaika na nyufa za juu weee, kumbe huku chini maji yanachimba msingi taratibu, asubuhi moja tunakuta nusu imelala mtoni. Tao linasimama kwa sababu mawe yanabanana yenyewe kwa yenyewe, uzito wa juu unazidi kuyabana, ila mguu mmoja ukisogea tu ndo basi tena. Kiangazi shuka na fimbo ndefu uchomechome chini ya miguu yote miwili.

#5
Wanaosema la zamani halifai wakaangalie daraja la Richmond kule Tasmania, Australia. Ile ilikuwa sehemu ya walowezi wa mwanzo waliokuwa wanalima ngano, wafungwa wakalijenga la mawe 1823 mpaka 1825, na mpaka leo magari yanapita. Lina matao kadhaa lakini, sio kadogo kama kako.

Halafu mkuu #1, kingo zake zikoje? Nauliza kwa sababu madaraja mengine ya zamani kingo zimeachwa fupi makusudi ili mizigo inayoning'inia ubavuni mwa wanyama isigonge, kuna watu wanakuja kuziinua eti usalama, wanafuta stori yote bila kujua.

#1
Zinanifika magotini tu, na siku zote tulijua mawe yaliwaishia 😂

Leo nimeshuka na fimbo na binamu yangu, yule yule anayetaka kalavati. Mguu wa upande wa babu ni mgumu, fimbo inagonga jiwe kila mahali. Huu wa pili imezama mpaka kiwiko changu kimeingia majini. Binamu kanyamaza kidogo, akauliza chokaa inapatikana wapi. Nikamwambia tuanze na mawe makubwa ya kujaza hilo shimo kwanza. #2 yule mzee mwashi bado anafanya kazi?

#2
Bado yupo. Nakuja inbox.