Mrejesho: Zawadi ya mke wangu, retablo ya shukrani

Wakuu, niliuliza nimpe nini mke wangu, Mmeksiko, tukitimiza miaka 10 ya ndoa, mkanishauri retablo: mchoro mdogo juu ya bati, ambao watu wa kwao huutumia kumshukuru mtakatifu kwa muujiza. Frida Kahlo, yule mchoraji maarufu wa Meksiko, alikusanya mamia.

Nilimpata mchoraji hapa Mexico City. Akatuchora hospitalini: mimi kitandani, mke wangu kanishika mkono, Bikira wa Guadalupe (Bikira Maria anavyoheshimiwa Meksiko) juu pembeni, kazungukwa na miale. Chini, mahali pa maneno ya shukrani, nikaandikisha: "Asante kwa kukesha nami usiku 19."

Nilihofia ataona nakufuru kumshukuru yeye mahali pa Bikira, maana anamheshimu mno Bikira. Alisoma kimya, akalibusu bati, akalitundika juu ya kitanda chetu. Asanteni sana.