Zoezi la "Mimi ni nani?" linaishia kwenye jina na mchezo. Nifanyeje?

Chaki Nyeupe: Habarini wadau. Nina vipindi 2 vya dakika 40, wanafunzi 40 wa miaka 14 na 15, mada ni mambo yanayomfanya mtu awe alivyo. Nikisema "jieleze", napata majibu yaleyale: jina, umri, mchezo anaoupenda. Naombeni zoezi linalochimba zaidi bila kugeuza darasa kuwa chumba cha maungamo.

Kalamu Mbili: Jaribu sentensi 20 za wanasosholojia Kuhn na McPartland, za mwaka 1954. Karatasi yenye mistari 20, swali moja tu, "Mimi ni nani?", dakika 12. Usitoe mfano hata mmoja. Ukitamka "mimi ni mwalimu", darasa zima litafuata mkondo huohuo wa kazi na vyeo. Wala usipunguze mistari iwe 5 ili kuokoa muda: ya mwanzo hujaa yale yanayoonekana na kila mtu (mwanafunzi, msichana, kifungua mimba), na yakishakwisha ndipo mtu huandika "mimi ni mwoga wa kukosea". Aliyekwama mstari wa 9 mwache atafakari. Asipofika 20 si kosa.

Halafu kila sentensi ipewe herufi: Z nimezaliwa nayo, C nimeichagua, W nimepewa na watu. Herufi mbili ruksa. Hapo ndipo ubishi mtamu unapozuka, hasa kwenye dini na lugha. Na "mvivu" je, ni C au W? Usiamue wewe. Uliza tu: "Ungelelewa na watu wengine, sentensi hii ingebaki?"

Mlezi: Sawa, ila watangazie KABLA ya kuandika kwamba karatasi hazikusanywi. Ukisema baadaye, wameshajichuja. Wasomeane wawiliwawili, kila mmoja sentensi 3 alizochagua mwenyewe, na "napita" ikubalike. Mti wa ukoo achana nao. Asiyemjua mzazi wake hubaki na matawi matupu mbele ya wenzake.

Chaki Nyeupe: Asanteni. Kipindi cha pili?

Kalamu Mbili: Kila mmoja achukue sentensi moja ya C aijibie maswali mawili: nilipima njia nyingine kabla? Nimeishika kweli? Msingi wake ni kazi ya mwanasaikolojia James Marcia ya 1966, iliyotofautisha kuchunguza na kuamua. Zile hali nne za utambulisho alizozipanga kutokana na hayo mawili usiwatajie, watazigeuza madaraja ya kufaulu na kufeli.

Chaki Nyeupe: Nisipokusanya, nitamjuaje mwenye shida nzito?

Mlezi: Mwishoni gawa vijikaratasi 40 vyenye nafasi ya jina na visanduku viwili: "ningependa kuongea na mwalimu" na "niko sawa". Wote waweke alama, wakunje, warudishe. Akirudisha yule mwenye shida peke yake, ameshajulikana.