Utafiti wa RNA ya damu kwa saratani ya umio: EDTA au PAXgene, na joto la Dodoma tulifanyeje?

MaabaraDom:
Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa utafiti wa pamoja wa viashiria vya RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi mwilini) kwenye damu ili kubaini saratani ya umio. Damu itatolewa Dodoma na Dar es Salaam, RNA itasomwa kwa washirika Ujerumani. Wenzetu wa Dar wanataka tyubu za EDTA za kawaida (zenye dawa ya kuzuia damu kuganda), tutenganishe plazma, yaani maji ya damu yasiyo na seli. Sisi tuna wasiwasi, maana baadhi ya wagonjwa watatolewa damu Kondoa na Mpwapwa, mbali na friza ya nyuzi -80. PAXgene (tyubu yenye dawa ya kuhifadhi RNA) inamaliza tatizo? Na chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Novemba?

Kofia_Zambarau:
Mkuu, mnabishania tyubu kabla ya kuamua mnatafuta RNA ipi. PAXgene inapasua seli zote palepale, kwa hiyo mtasoma RNA ya seli za damu, hasa jinsi kinga ya mwili inavyouitikia uvimbe. Kama shabaha ni RNA inayoelea kwenye plazma, humo hamtaipata tena.

Mkiichagua: damu 2.5 ml, iwe tyubu ya mwisho kujazwa, igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10. Ikiachwa bila kugeuzwa dawa haiifikii damu yote, na RNA inaanza kuoza humohumo. Inavumilia siku 3 kwenye nyuzi 18 hadi 25, na siku 5 kwenye 2 hadi 8. Novemba Dodoma mchana unapita 30, hivyo hiyo "joto la chumba" ya kwenye kijitabu msiihesabu. Kondoa iingie friji ya kawaida, gari lije kabla ya siku ya 5. Kugandisha: wima kwenye raki ya waya, nyuzi -20 kwa saa 24, ndipo -80. Mkiirusha -80 moja kwa moja kwenye raki ya povu, tyubu zinapasuka.

Benchi_Chimwaga:
EDTA si mbaya, ila ni ya kituo chenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha tyubu ili seli zitengane na plazma) karibu. Plazma itenganishwe ndani ya saa 2, zikizidi sana 4. Tyubu isiwekwe kwenye barafu, baridi inaamsha chembe sahani (zile za kugandisha damu) nazo zinamwaga RNA yao. Mzunguko wa kwanza 2,000 x g (nguvu mara 2,000 ya mvutano wa dunia) dakika 10, breki imezimwa. Nyonya plazma, acha kama nusu sentimita juu ya utando wa seli nyeupe. Huo uroho wa kuchota hadi tone la mwisho ndio unaoharibu sampuli. Hamishia tyubu mpya, 3,000 x g dakika 15, gawa 0.5 ml kila kichupa. Tyubu za heparini (dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda) msiziguse, inazuia PCR, yaani kipimo cha kuzidisha nakala za vinasaba.

Na mwongozo wenu usiandikwe kwa rpm (mizunguko kwa dakika)! Rota (sehemu ya sentrifuji inayozunguka) ya nusu kipenyo cha sm 10 inahitaji kama 4,230 rpm kufika 2,000 x g. Rpm hizohizo kwenye rota ya sm 16 ni karibu 3,200 x g. Vituo viwili vitakuwa na plazma mbili tofauti na kila mmoja ataapa kafuata mwongozo.

Seli nyekundu zikipasuka zinamwaga RNA fupi ziitwazo miR-451a na miR-16, kwa hiyo miR-16 msiifanye kipimo cha kulinganishia. Pimeni Cq (idadi ya mizunguko ya PCR hadi RNA ionekane) ya miR-23a-3p, RNA fupi nyingine, mtoe ya miR-451a. Tofauti ikizidi 7, sampuli hiyo itilieni shaka kubwa. Sindano nyembamba na mkanda uliokaa mkononi muda mrefu ndio wahalifu wa kawaida.

TakwimuTu:
Kuhusu tyubu mtaelewana. Kinachoua tafiti hizi ni wagonjwa wote kutoka Dodoma na wasio wagonjwa wote kutoka Dar. Programu itajifunza kutambua hospitali, si saratani, na namba zitapendeza sana. Kila kituo kitoe makundi yote mawili, umri na jinsia vikikaribiana, na kila sahani ya maabara (inayopima sampuli nyingi kwa pamoja) ichanganye wote. Rekodini malaria, VVU, selimundu na saa ya kutoa damu, vyote vinabadilisha RNA ya damu. Kundi la kulinganisha liwe na watu wenye shida ya kumeza ambao endoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya umio) haikuona saratani, maana hao ndio daktari anaopaswa kuwatofautisha.

Na msikimbilie kusema ni kipimo cha uchunguzi wa umma. Kipimo kinachokamata 90% ya wagonjwa na kuwapa 95% ya wazima jibu sahihi kwamba hawana saratani, kikipimwa kwa watu 10,000 wenye wagonjwa 10, kitapata 9 na kuwatisha wazima 500.

MaabaraDom:
Basi Kondoa na Mpwapwa PAXgene tu, Dodoma mjini na Dar tyubu zote mbili. Vibali je?

Kofia_Zambarau:
Safi, ila PAXgene za vituo vyote zichambuliwe kwa aina moja ya kit (seti ya kemikali za kutoa RNA), toleo moja. Vibali: maadili NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), pamoja na mkataba wa kuhamisha sampuli nje; watafiti wa kigeni wapitie COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia). Data ya RNA inabeba vinasaba vya mtu, hivyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata mkituma mafaili tu. Fomu ya ridhaa itaje Ujerumani na muda wa kutunza damu. Na kila kituo kibaki na kichupa kimoja cha kila mgonjwa, kisiende popote.