Roboti yenye sura ya mtu ndani ya nyumba ya familia: nani aliulizwa?

Naomba tulijadili hili bila kutukanana maana najua watu wana misimamo mikali pande zote. Swali ni hivi, je ni sawa kimaadili kuweka roboti yenye kichwa, mikono na sauti ya mtu ndani ya nyumba wanamoishi watoto na wazee? Msimamo wangu nautoa mapema ili mnipinge vizuri: roboti ya kuosha vyombo na kukunja nguo sina shida nayo hata kidogo, ila kuipa uso na jina na maneno ya upendo ili izoeleke kwa mtu ambae hana uwezo wa kukubali wala kukataa, hapo nakataa.

Wengi wakisikia mada hii wanakimbilia haki za roboti, eti ikipigwa inaumia, eti siku moja itakua na nafsi. Mwaka 2017 Saudi Arabia ilitangaza kumpa uraia roboti anaeitwa Sophia na watu wakabishana kweli kweli kama mashine inaweza kuwa raia. Mi naona ubishi ule ulitutoa kwenye jambo lenyewe. Mwenye haki zinazoguswa hapa ni binadamu anaelala chumba cha pili.

Tuanze na macho. Roboti haiwezi kutembea ndani bila kuona kwahiyo lazima iwe na kamera, na lazima isikilize maana inaongeleshwa. Oktoba 2025 kampuni ya 1X ilifungua oda za roboti yake ya nyumbani inaitwa NEO, dola 20,000 ukinunua au dola 499 kwa mwezi ukikodi, na wenyewe walisema wazi kwamba kazi ambayo roboti bado haijaiweza, mfanyakazi wao anaweza kuvaa miwani ya VR huko aliko akaiendesha, anaona kinachoonwa na roboti. Wanasema mwenye nyumba ndo anaeruhusu na kupanga muda, unaweza kuzuia vyumba fulani, na watu wanaweza kufifishwa wasionekane sura. Nawaheshimu kwa kusema ukweli, wengine wasingesema. Lakini mwenye nyumba hapo maana yake ni yule aliyelipa na mwenye apu kwenye simu yake. Mtoto anaetoka kuoga hajaruhusu kitu, bibi aliyelala mchana mlango wazi hajaruhusu, mfanyakazi wa ndani ndo kabisa hata akiulizwa atasema nini na anaemuuliza ndo anamlipa mshahara, na mgeni aliyekuja kusalimia anakuta kitu kimesimama kona ya sebule kinamwangalia.

Msiseme hizi ni hofu za kubuni. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review lilitoa habari ya picha zilizochukuliwa majumbani mwaka 2020 na mashine za majaribio za Roomba, zile za duara zinazosafisha sakafu zenyewe. Moja ilikua ya mwanamke amekaa chooni, nyingine ya mtoto wa kiume kalala kifudifudi kwenye korido uso wake unaonekana vizuri tu. Picha zilitumwa kwa kampuni nyingine ili watu wazichambue na kuziwekea alama za kuifundisha kompyuta, na wafanyakazi wa kazi hiyo huko Venezuela wakajikuta wanazirusha kwenye makundi yao ya mtandaoni. Kampuni ya iRobot, iliyotengeneza mashine hizo, ilijibu kwamba mashine zile zilikua za majaribio na wahusika walikubali kwa maandishi. Haya, wakubwa walisaini, na yule mtoto je? Tena hicho ni kidude kinachotambaa chini, hakipandi ngazi wala hakifungui mlango.

Sasa kuna hoja ya upande wa pili ambayo naiheshimu kuliko zote, ya wazee na wagonjwa. Nimeuguza mzee nyumbani, najua kumwinua mtu mzima usiku mara nne kunavyokula mgongo na kunavyokula uvumilivu pia, mpaka unajikuta unamjibu vibaya mtu aliyekulea. Kama mashine ingekuwepo ya kumwinua ningeichukua asubuhi yake. Na aibu ya kuogeshwa na mwanao, kuna wazee wangechagua mashine kabla ya binadamu, huo ni utu wao na lazima tuuhesabu.

Ila angalieni Paro. Ni roboti ya Kijapani yenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa baharini, ina manyoya meupe, inatumika kutuliza wazee waliopoteza kumbukumbu, na Marekani iliipokea kama kifaa cha tiba mwaka 2009. Aliyeitengeneza, Takanori Shibata, alichagua sili kwa sababu watu wengi hawajawahi kuishi na sili kwahiyo hawana cha kulinganisha, angetengeneza paka mtu angesema mbona hakai kama paka wangu. Hapo ndo hoja yangu ilipo! Faraja imepatikana bila mtu yeyote kuigizwa. Mzee aliyesahau kama mwanae alifariki, ukimletea kitu chenye uso wa mtu na sauti ya kijana kinamwambia nipo hapa usiwe na wasiwasi, atamwita nani? Atamwita mwanae. Na roboti itaitika. Mi hilo naliita uongo hata kama mzee anatabasamu, na sijaona bado mtu aliyenijibu kwa nini sio uongo.

Watengenezaji wana jibu lao kuhusu umbo, wanasema nyumba zimejengwa kwa mwili wa binadamu, ngazi, vitasa, makabati ya juu, kwahiyo mashine yenye miguu miwili na vidole inafaa zaidi. Nakubali kabisa. Lakini kitasa hakihitaji uso. Ngazi haihitaji sauti inayosema nilikumiss.

Tukumbuke pia binadamu hatuhitaji kusukumwa sana ili tuzame. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT Marekani, alionyesha programu yake ELIZA, ya maandishi tu, inageuza maneno yako kuwa maswali, na katibu wake mwenyewe ambae alimuona akiitengeneza miezi yote hiyo akafika mahali anamwomba atoke chumbani ili aongee nayo faragha. Mtu mzima huyo, na anajua ni kompyuta. Mtoto wa miaka sita tunamtegemea ajue wapi pa kuishia?

Na kinachotokea mtoto akishaipenda tumeshakiona. Kulikua na roboti ya watoto inaitwa Moxie, dola 799, inaongea nao habari za hisia zao na kuwasaidia kuzoea wenzao. Desemba 2024 kampuni iliyoitengeneza, Embodied, ikatangaza inafunga kwa kukosa fedha, na kwa kuwa roboti ilitegemea seva zao, yaani kompyuta za kampuni inazounganishwa nazo kwa mtandao, ikasemwa itanyamaza. Wazazi walipewa mpaka barua ya kuwasaidia kuwaeleza watoto. Baadae ilitafutwa njia ya mzazi kuiendesha kwa kompyuta yake, ni jambo jema, lakini kuna watoto walishalia. Kabla yake mwaka 2019 ilitangazwa kwamba seva za Jibo, roboti nyingine ya nyumbani, nazo zitazimwa, na roboti yenyewe ikawaaga wenye nyumba kwa sauti yake. Yani unamleta rafiki ndani halafu uhai wa urafiki wenyewe umeshikwa na hesabu za kampuni ambayo mtoto haijui hata jina.

Kwahiyo mimi sisemi zipigwe marufuku. Nataka ya ndani isiwe na uso wala isijifanye inahisi, kamera yake iwe na kifuniko ambacho mtu yeyote anaweza kukishusha kwa mkono wake bila apu wala nenosiri, hata mtoto, hata mfanyakazi, na anaponunua mtu ajue kabla siku kampuni ikifa mashine inabaki na nini. Wanaotetea zile zenye sura ya mtu naomba msianze na teknolojia inavyokua kwa kasi, hiyo naijua. Anzeni na yule ambae hakusaini, aambiwe anakataaje akiwa nyumbani kwake.