Kadi ya manunuzi ya chuo kikuu: ankara mbili kwa ununuzi mmoja, na mkubwa anayeomba namba za kadi

Mratibu wa Kiswahili

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale mnaofanya kazi katika vyuo vikuu vya hapa Marekani, hasa mlioshika kadi za manunuzi au mnaokagua hesabu zake. Tangu Agosti mimi ni mratibu wa programu ya Kiswahili katika chuo kikuu cha umma, na pamoja na kazi hiyo nimekabidhiwa kadi ya manunuzi yenye jina langu, yaani kadi ya benki ya kununulia mahitaji ya kazi kwa gharama ya chuo. Nilihudhuria mafunzo, nikasaini mkataba wa mwenye kadi, nikadhani nimeelewa. Miezi miwili haijatimia na tayari nina mambo manne yanayoninyima usingizi.

La kwanza ni vifaa vya kurekodia masomo: kamera, vipaza sauti, taa na kifaa cha kusambazia intaneti darasani. Jumla yake ni dola 6,200, lakini kikomo cha kadi yangu kwa ununuzi mmoja ni dola 5,000. Muuzaji amejitolea kuniandikia ankara mbili zenye tarehe tofauti, moja ya kamera na nyingine ya vilivyobaki. Fedha zinatoka kwenye ruzuku ya serikali kuu, na muda wa kuzitumia unakaribia kwisha.

La pili ni zito kwangu kuliko yote. Profesa anayeongoza kituo chetu, ambaye namheshimu kama mzazi na ambaye ndiye anayeidhinisha taarifa ya kadi yangu ya kila mwezi, ameomba nimpe namba za kadi ili akate tiketi yake ya Nairobi usiku huu. Bado sijamjibu.

La tatu ni meza yetu ya Kiswahili, ambapo wanafunzi hukutana kila mwezi kula na kuzungumza. Kuna mama mmoja wa Mombasa anayetupikia pilau na mahamri, naye hupokea malipo kwa simu tu. Je, naweza kumlipa kwa kadi kupitia programu ya simu?

La nne ni kosa langu mwenyewe. Namba za kadi zilikuwa zimehifadhiwa katika duka la mtandaoni, na juzi nikamnunulia mwanangu viatu vya dola 38 bila kutambua kwamba ni kadi ya chuo iliyolipa. Nimefikiria kununua karatasi na kalamu za ofisi kwa fedha zangu, za thamani ileile, ili mambo yawe sawa. Naomba mnieleze kama hiyo ni njia sahihi.

Mhasibu wa Kitivo

Dada Mratibu, kazi yangu ni kupokea taarifa za kadi kila mzunguko wa mwezi unapofungwa na kuzilinganisha na risiti, kwa hiyo nitakujibu kwa upande wa meza hiyo. Naanza na la nne kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja.

Tafadhali usinunue karatasi. Deni la kadi nyingi za manunuzi za vyuo ni la chuo wala si la mtumishi. Ndiyo maana ulipoiomba hukuulizwa historia yako ya mikopo, na ndiyo maana benki italipwa tu, viatu vikiwa halali au si halali. Maana yake ni kwamba tangu juzi chuo kimekulipia dola 38 za mahitaji ya nyumbani. Ukinunua karatasi kwa fedha zako, utakuwa na makosa mawili ya hesabu badala ya moja: viatu vitabaki kwenye taarifa bila sababu ya kikazi, na ofisi itakuwa na karatasi ambazo hakuna kumbukumbu inayoonyesha zilikotoka. Mwandikie leo afisa wa kadi, eleza tarehe, kiasi na namna ilivyotokea, kisha ulipe kwa chuo, si kwa benki, na ambatanisha stakabadhi ya malipo hayo kwenye taarifa ya mwezi. Kosa la kwanza lililotolewa taarifa na mwenyewe kwa kawaida huishia hapo. Lililogunduliwa na mkaguzi huwa na safari ndefu zaidi.

Usilicheleweshe pia kwa sababu ya kodi. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, huwataka waajiriwa wathibitishe matumizi ya kazi ndani ya muda unaokubalika, na kipimo kinachotumika sana ni siku 60 za kuleta vielelezo na siku 120 za kurejesha fedha zilizozidi. Vyuo vingi vimeingiza kipimo hicho, au kifupi zaidi, katika kanuni zao za kadi. Matumizi yasiyothibitishwa yanaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mshahara wako na kukatwa kodi. Na tafadhali, ifute kadi hiyo katika duka la mtandaoni usiku huu.

Sasa vifaa. Kinachopimwa na kikomo ni hitaji, si ankara. Kama siku unayoagiza kamera ulikwisha kujua kwamba unahitaji vipaza sauti na taa kwa darasa lilelile, huo ni ununuzi mmoja wa dola 6,200, pamoja na gharama za usafirishaji, hata ukiandikiwa ankara kumi. Tarehe mbili tofauti alizopendekeza muuzaji haziondoi tatizo. Zinaliongeza, kwa sababu sasa kuna karatasi inayosema jambo ambalo halikutokea.

Kinachonisikitisha ni kwamba hakuna haja yoyote ya kufanya hivyo. Chini ya kanuni za serikali kuu kuhusu ruzuku, ununuzi mdogo unaweza kufanywa bila kushindanisha bei za wauzaji mbalimbali, mradi bei iwe ya haki. Kiwango cha ununuzi huo kilikuwa dola 10,000 kwa miaka kadhaa, kikapandishwa hadi dola 15,000 kuanzia Oktoba 2025. Dola zako 6,200 ziko chini ya vyote viwili. Isipokuwa jimbo lenu au chuo chenu kiwe kimeweka kiwango cha chini zaidi, kizuizi chako ni kikomo cha kadi peke yake, na kikomo hicho afisa wa kadi anaweza kukipandisha kwa ununuzi mmoja kisha akakirudisha. Barua pepe ya mistari mitano yenye nukuu ya bei na namba ya ruzuku inatosha. Ukikubali ankara mbili, unachukua ununuzi uliokuwa halali na kuufanya ukiukaji.

Jambo dogo juu ya kifaa cha intaneti: tangu tarehe 13 Agosti 2020, fedha za ruzuku za serikali kuu haziruhusiwi kununua vifaa vya mawasiliano vya Huawei wala ZTE. Soma jina la mtengenezaji kabla ya kulipa.

Mtafiti wa Kilimo

Nawaheshimu wahasibu, lakini naomba nitofautiane kidogo. Kamera ni kitu kimoja na taa ni kitu kingine. Angevinunua katika maduka mawili hakuna ambaye angeuliza. Sisi wa maabara tunapoteza msimu mzima wa mvua tukisubiri idhini, na mbegu haziwezi kusubiri. Kama nia ni safi, kifaa kipo, na kila mtu anaweza kuja kukiona darasani, madhara yako wapi?

Mhasibu wa Kitivo

Ndugu Mtafiti, malalamiko yako kuhusu ucheleweshaji ni ya haki. Ofisi inayochukua wiki tatu kupandisha kikomo ndiyo inayowasukuma watu wema kwenye ankara mbili, na mimi huwaambia wenzangu hivyo waziwazi. Lakini kuhusu nia naomba unisikilize.

Machi 2022 aliyekuwa mtumishi wa kitivo cha tiba cha Yale alikiri mahakamani kwamba kwa miaka kadhaa, kuanzia angalau 2013, aliagiza kompyuta na vifaa vingine vya elektroniki kwa jina la idara yake na kuviuza nje ya chuo. Alikuwa na mamlaka ya kufanya manunuzi ya chini ya dola 10,000 bila idhini nyingine, kwa hiyo oda zilivunjwavunjwa ili kila moja ibaki chini ya kiwango hicho. Hasara ilifikia dola milioni 40, na Oktoba mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha miaka 9. Zile zilikuwa oda za manunuzi wala si kadi, lakini mbinu ni hiyohiyo.

Simfananishi Dada Mratibu na kesi hiyo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mkaguzi haoni nia. Anaona muuzaji mmoja, kadi moja, siku zinazofuatana, na kiasi kinachosimama karibu na kikomo. Mtu mwaminifu na mwizi huacha nyayo zilezile, na mwaminifu ndiye atakayelazimika kutumia miezi akieleza. Kuhusu maduka mawili: ukinunua kamera pale na taa kwingine kwa sababu ya bei, na kila ununuzi una nukuu yake, hilo linaelezeka. Ukichagua duka la pili ili tu kukwepa kikomo, ni kugawanya ununuzi hata kama wauzaji hawajuani.

Mwalimu wa Lugha

Mdogo wangu Mratibu, nimefundisha Kiswahili huku kwa miaka mingi na jambo la Profesa nimelipitia. Kumnyima mkubwa ni kazi ngumu kwetu, kwa sababu tumelelewa tusimrudishe mzee mikono mitupu. Lakini kadi hiyo ni kama sahihi yako. Mkataba uliosaini unasema ni wewe peke yako utakayeitumia, na kumpa mtu mwingine namba zake, awe mwanafunzi msaidizi au mkuu wa kituo, ni ukiukaji hata kama tiketi yenyewe ni ya kikazi.

Usimjibu kwa neno hapana. Mwambie: "Profesa, safari yako naishughulikia, naomba tarehe, jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na namba ya mfuko utakaolipa." Halafu uliza ofisi ya safari, kwa sababu katika vyuo vingi kadi ya manunuzi hairuhusiwi kulipia nauli kabisa, na tiketi hupitia wakala wa chuo au kadi maalumu ya safari. Kama mfuko ni ruzuku ya serikali kuu, kuna sheria ya 1974 inayotaka safari zifanywe kwa mashirika ya ndege ya Marekani. Ndege ya shirika la nje huruhusiwa kwa masharti, kwa mfano tiketi ikiwa imeuzwa kwa namba ya safari ya shirika la Marekani. Profesa akikata tiketi ya shirika la Ghuba saa sita za usiku kwa sababu ni rahisi, ruzuku inaweza kukataa gharama yote, na jina lililo kwenye kadi ni lako. Ukimweleza hivyo, ataona unamlinda, na ni kweli unamlinda.

Tena, kwa kuwa yeye ndiye anayeidhinisha taarifa yako, gharama ya safari yake haifai kuidhinishwa na yeye mwenyewe. Iende kwa mkuu wa kitivo.

Kuhusu meza ya Kiswahili, mama mpishi asilipwe kwa simu. Kila muuzaji anayepokea kadi ana namba ya tarakimu nne inayoonyesha aina ya biashara yake: 5812 ni mikahawa, 5813 ni baa, 6011 ni kutoa fedha taslimu kwenye mashine. Chuo hufunga baadhi ya namba hizo, ndiyo maana kadi hukataliwa mahali pengine bila maelezo. Malipo yakipita kwenye programu ya simu kwenda kwa mtu binafsi, namba hiyo haielezi tena ni chakula gani kilinunuliwa. Njia iliyonyooka ni kumsajili kuwa mtoa huduma wa chuo: ajaze fomu W-9, ile ya IRS ya jina na namba ya mlipa kodi, alete ankara yenye tarehe, idadi ya sahani na bei, kisha chuo kimlipe moja kwa moja. Mara ya kwanza inachosha, ila baada ya hapo anaweza kualikwa na idara nyingine pia.

Chakula hicho kisitozwe kwenye ruzuku kabla hujauliza. Burudani, kwa kawaida, hailipwi kwa fedha za ruzuku ya serikali kuu, na vileo havilipwi kamwe. Tumia fedha za idara, na uambatanishe orodha ya waliohudhuria na sentensi moja ya lengo la kikao. "Chakula cha wanafunzi" haitoshi. Andika "mazoezi ya mazungumzo kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili".

Mstaafu wa Hazina, Nairobi

Nawasoma kwa hamu kubwa. Huku kwetu mtumishi wa umma hupewa masurufu, yaani fedha za matumizi ya kazi anazokabidhiwa kabla ya safari, na kanuni za usimamizi wa fedha za umma za 2015 humtaka ayarejeshee hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni. Asipofanya hivyo, kiasi chote hukatwa kwenye mshahara wake pamoja na riba, na hawezi kupewa masurufu mengine kabla hajamaliza ya kwanza. Katika masurufu fedha ziko mkononi, na mtu huzihisi. Naona kadi yenu haihisiwi, kwa kuwa anayelipa benki ni mwingine. Ningekuwa wewe, binti yangu, ningeandika kila ununuzi kwenye daftari siku hiyohiyo, pamoja na sababu yake, bila kungoja taarifa ya mwezi. Risiti ya karatasi hufifia. Sababu uliyoiandika siku ileile haifutiki.

Mratibu wa Kiswahili

Nawashukuru nyote. Viatu nimevitolea taarifa na kuvilipia kwa hundi. Afisa wa kadi alinijibu kwa mistari miwili, na stakabadhi nimeiweka. Kikomo kilipandishwa hadi dola 6,500 kwa siku tatu, na muuzaji ametoa ankara moja. Kile kifaa cha intaneti nimekibadilisha, kwa kuwa kweli kilikuwa cha Huawei na mimi sikuwa nimesoma jina.

Profesa alinyamaza kidogo nilipomweleza habari ya ndege, kisha akanitumia tarehe na nakala ya pasipoti. Tiketi inashughulikiwa na ofisi ya safari, na mkuu wa kitivo ndiye atakayeidhinisha. Fomu ya mama mpishi nimempelekea jana jioni. Ameomba tuijaze pamoja Jumamosi, baada ya yeye kutoka sokoni.