Mwanangu hataki helmeti kwenye theluji, nifanyeje?

MamaZawadi, Minneapolis
Habari zenu wapendwa. Wanangu wa miaka 8 na 5 hawabanduki kwenye kilima cha theluji karibu na kwetu, wanateleza na vibao. Mkubwa anakataa helmeti kwa sababu wenzake hawavai. Mdogo amesukwa na shanga, haimkai. Baba yao anasema ya baiskeli inatosha. Moyo wangu hautulii, maana chini kuna miti. Naombeni ushauri.

BabaHoki
Dada, anza na hiyo miti. Tafuteni kilima chenye uwanja mtupu chini, bila miti wala barabara. Helmeti haikingi shingo. Wakae kitako, miguu mbele. Kuteleza kifudifudi, kichwa kikitangulia, kataza kabisa.

Ya baiskeli ni afadhali kuliko kichwa kitupu, ila masikio yanabaki nje, na ukimvalisha kofia nene ndani haitamkaa. Ya theluji tazama lebo ya kiwango cha usalama: ASTM F2040 kwa za Marekani, au EN 1077 kwa za Ulaya. Mtumba usinunue. Povu la ndani likishabonyea halikingi tena, na kwa nje huoni kitu.

MamaCalgary
Mdogo msuke twende kilioni, bila shanga, msimu wote wa baridi. Kisha mpime helmeti na nywele hizohizo. Ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi. Atikise kichwa, ikicheza, ni kubwa. Na usichukue kubwa eti ataikulia, kama tunavyofanya na sare za shule.

Huyo mkubwa, ongea na mama za wenzake wavae wote. Baba yao naye akiteleza, avae.

NesiToronto
Natasha Richardson, mwigizaji wa Uingereza, alianguka Mont Tremblant, Quebec, Machi 2009, akijifunza kuteleza bila helmeti. Aliinuka, akaongea vizuri tu, akakataa daktari. Siku mbili baadaye alifariki: damu ilivujia ndani ya fuvu ikaubana ubongo. Kwa hiyo mtoto akigonga kichwa, mchezo umeisha siku hiyo hata akisema hajambo. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, kichwa kikizidi kuuma au maneno yakimchanganyika, piga 911.

MamaZawadi
Mungu awabariki. Nimemsomea baba yao yote, Jumamosi tunakwenda dukani na watoto wenyewe wapimwe. Na skafu je?

BabaHoki
Ivue. Ikinasa inamkaba. Kuna zile za mviringo za kuvaa shingoni, zisizo na ncha za kuning'inia, chukua hizo.