MREJESHO: Mama na ile ripoti ya "EF 35%"

Wadau, niliuliza hapa kama EF 35% (sehemu ya damu ambayo moyo husukuma nje kila unapojikaza) kwenye ripoti ya eko ya mama, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ina maana theluthi mbili ya moyo wake imekufa. Asanteni nyote, hata mliojibu usiku wa manane.

Aliyesema tuombe kuonyeshwa picha yenyewe, ubarikiwe. Daktari hapa Kisumu aligeuza skrini: damu inayokuja kwenye kifaa cha kupimia kilichowekwa kifuani ni nyekundu, inayokwenda mbali ni buluu. Kila moyo wa mama ulipojikaza, rangi za vurugu zilirudi nyuma kupitia valvu ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) badala ya damu yote kuelekea kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Kumbe hata moyo wenye afya hautoi damu yote. Hutoa kama asilimia 55 hadi 70 ya iliyojaa chumba cha chini cha kushoto. Cha mama kimetanuka, damu inazubaa humo.

Kujipima uzito kila asubuhi kabla ya chai kumesaidia mno, na dawa ya kukojoa daktari ameihamishia asubuhi. Uvimbe wa miguu umepungua, viatu vinaingia. Chumvi ndiyo imetushinda. Omena za soko la Kibuye bila chumvi mama hazigusi, anasema hicho ni chakula cha wodini.

Eko ya marudio imesoma EF 40%. Tusishangilie sana, daktari anasema tofauti ndogo hivyo inaweza kuwa ya upimaji tu. Kilima cha Riat bado anakipanda kwa kusimama-simama. Dawa zinaendelea.